Usalama na Afya: Mukeke Ni Mtamu, Lakini Baridi ya Ziwa Haina Huruma

Ndugu mfanyakazi,

Konji ya kiangazi imekaribia, nawe unajitayarisha kurudi nyumbani Mboko. Najua utakachotaka kula kwanza: mukeke wa kuchoma na ugali wa muhogo. Najua pia kwamba hutangoja kumnunua sokoni. Jioni ya kwanza utamfuata shemeji yako ziwani. Nenda, ndugu, lakini soma kwanza maneno haya.

Mukeke ni jamaa ya sangala. Huwinda ndakala, na ndakala hufuata mwanga. Ndiyo sababu wavuvi wetu hutoka na taa usiku wa giza, mwezi usipoonekana. Lakini Juni hadi Agosti ni wakati wa upepo wa kusini. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi. Upepo ukipita juu ya maji mengi namna hiyo, mawimbi hukua kabla ya kutufikia.

Kiangazi kimoja nami nilikuwa konjini, nikaitwa ufukoni alfajiri. Dereva mmoja wa mashine alikuwa amepinduka na shemeji yake usiku. Yeye aliushika mtumbwi mpaka kulipokucha. Shemeji aliona taa za kijiji, akadhani ni karibu, akaanza kuogelea. Hakurudi. Na ndiye aliyejua kuogelea kuliko mwenzake.

Kwa nini? Maji yetu si barafu. Kiangazi huwa na joto la nyuzi 25 hivi. Lakini mwili una nyuzi 37, na maji huondoa joto la mwili upesi mara 25 kuliko hewa. Anayeogelea huchoka, mikono ikafa ganzi. Anayeshika mtumbwi hutunza nguvu, na huonekana kwa urahisi.

Nilikuta watu wakimnywesha lotoko yule aliyepona. Niliwazuia. Pombe hupanua mishipa ya damu kwenye ngozi. Mtu husikia joto, kumbe joto linamtoka.

Basi, shika haya:

1. Uliza kwanza kama uvuvi umefunguliwa. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa hili tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane.

2. Usitoke ziwani siku ile ile uliyotoka zamu ya usiku. Lala kwanza.

3. Vaa jile ya kuelea. Ukikosa, funga mtumbwini bidoni tupu zenye vifuniko vikali.

4. Mwachie mtu wa nchi kavu majina yenu na saa ya kurudi, kama unavyoacha namba yako kabla ya kushuka shimoni.

5. Mtumbwi ukipinduka, usiuache, hata ukiona taa za kijiji.

6. Aliyepoa mwili, mlaze, mvue nguo zilizolowa, mfunike blanketi. Akiwa na fahamu, mpe chai ya moto kiasi yenye sukari. Usimsugue, wala usimsogeze karibu mno na moto. Mpeleke kituo cha afya.

Kazini huingii shimoni bila kofia. Ziwa nalo ni shimo, tena halina ngazi. Watoto wanangoja samaki, lakini wanakungoja wewe zaidi.

Konji njema!

Mganga msaidizi wenu