Jinsi Masharti ya Korona Yalivyowalemea Wenye Kipato cha Siku

Kuanzia Machi 27, 2020, wakazi wa Kenya walitakiwa kuwa majumbani mwao kati ya saa moja jioni na saa kumi na moja alfajiri. Kafyu hiyo, iliyotangazwa siku chache baada ya kisa cha kwanza cha Korona kuthibitishwa nchini, ililegezwa kwa awamu na kuondolewa Oktoba 20, 2021.

Lengo lilikuwa kupunguza maambukizi na kuzipa hospitali muda wa kujiandaa. Hata hivyo, uzito wa masharti hayo haukuwa sawa kwa wote. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini zimo katika sekta isiyo rasmi, ambako chakula cha leo hutokana na mauzo ya leo. Kwa mama mboga na muuza samaki, biashara hunoga jioni vibarua wanaporejea nyumbani. Saa hizo ndizo zilizofungwa. Matatu ya abiria 14 nayo iliruhusiwa kubeba wanane pekee, nauli ikapanda huku kipato kikishuka.

Serikali ilichukua hatua za kupunguza makali hayo. Wenye mshahara usiozidi Sh24,000 kwa mwezi waliondolewa kodi ya mapato, na kodi ya ongezeko la thamani ikapunguzwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Lakini nafuu ya kodi ya mshahara humfaa aliyeajiriwa. Mchuuzi hana mwajiri wa kumkata kodi. Kwake, msaada wa karibu zaidi ulikuwa kuondolewa kwa ada ya kutuma kwa simu pesa zisizozidi Sh1,000 hadi mwisho wa mwaka 2020, pamoja na vibarua vya Kazi Mtaani kwa vijana wa mitaa ya mabanda.

Katika elimu, shule zilifungwa Machi 2020 na wanafunzi wengi hawakurejea madarasani hadi Januari 4, 2021. Masomo ya redio, televisheni na intaneti yaliwafikia wenye vifaa na umeme; wengine walibaki nyuma, na baadhi hawakurudi kabisa.

Takwimu rasmi zinaonyesha kuwa uchumi ulinywea kwa asilimia 0.3 mwaka 2020. Kiwango hicho kinaonekana kidogo, lakini hakipimi mlo ulioachwa wala mtoto aliyeacha shule. Funzo lililosalia ni kwamba amri ya kumfungia mwananchi nyumbani huhitaji kuandamana na mpango wa kumfikishia riziki humo humo.