Silabi za Maandishi na Silabi za Matamshi katika Vitenzi vya Kifaransa

Katika Kiswahili, kila irabu inayoandikwa hutamkwa, na silabi nyingi huishia kwa irabu: wa-na-se-ma. Vitenzi vya Kifaransa havifuati kanuni hiyo. Parle, parles na parlent hugawanywa katika silabi mbili kwenye maandishi (par-lent), lakini katika matamshi sanifu zote huwa silabi moja, "parl". Kiishio -ent cha nafsi ya tatu wingi hakitamkwi. Katika nomino, herufi hizohizo hutamkwa: couvent (nyumba ya watawa) ina silabi mbili, ya pili ikiwa na irabu ya puani, ilhali kitenzi couvent (wanaatamia) hutamkwa "kuv". Aidha, ils aiment ("il-zem") hutofautiana na il aime ("i-lem") kwa sauti /z/ pekee.

Kwa hiyo, mwanafunzi mzungumzaji wa Kiswahili nchini Burundi au mashariki mwa Kongo, akifuata herufi tu, huweza kuongeza silabi isiyokuwapo na kuiacha sauti inayobeba wingi. Mitaala itangulize usikilizaji kabla ya ukataji wa silabi ubaoni, na mitihani ipime stadi hizo mbili kila moja peke yake.