Unachomwa nini, shosti?

Zamani mwanamke akitaka kupendeza alikuwa na wanja, poda na khanga mpya. Siku hizi kuna sindano. Ya kujaza midomo, ya kuondoa mikunjo, ya kung'arisha ngozi, na hata ya makalio, ambayo nitaifikia. Sipo hapa kumsema mtu. Hela yako, uso wako. Ila nimezunguka saluni kadhaa za hapa Dar nikidadisi, na nilichoona ni kwamba wadada tunauliza bei, tunauliza itakaa muda gani, halafu huyo, tumeshalala kwenye kiti. Kilichomo kwenye kichupa hatuulizi.

Chukua Botox. Inatengenezwa kutokana na sumu ya bakteria, ileile inayoweza kumpooza mtu hadi ashindwe kupumua. Usishtuke, kwa kipimo kidogo mno inalegeza tu misuli inayokunja ngozi, na Marekani waliiruhusu kwa mikunjo ya katikati ya nyusi tangu mwaka 2002. Inakaa kama miezi mitatu au minne. Lakini kipimo kikikosewa, au dawa ikiwa feki, sumu inabaki kuwa sumu. Mwaka 2004 huko Florida watu 4 walipooza baada ya kuchomwa sumu ya maabara ambayo haikuwa ya kutumika kwa binadamu. Mmoja wao ni daktari mwenyewe aliyechoma! Leseni yake ilikuwa imeshasimamishwa. Na Aprili 2024 wakuu wa afya wa Marekani walitangaza wanawake zaidi ya 20 katika majimbo 11 waliodhurika na sindano za aina hiyo, wengi wakiwa wamechomwa majumbani na kwenye spa. Huko ndiko wenye sheria kali. Sasa sisi?

Kuna binti wa dada yangu alikuwa na send-off yake, akataka midomo ijae kidogo. "Mama mdogo, nisindikize," akaniambia, nami nikaenda. Saluni nzuri, kiyoyozi, muziki laini. Mhudumu akafungua friji, na katikati ya soda na chakula chake cha mchana akatoa kichupa kisicho na lebo, kimebaki nusu.

"Samahani dada, hiki kilifunguliwa lini?" nikauliza.

"Jamani dada yangu, dawa ni hiyohiyo, wote wanatumia."

"Na sindano zilizotumika mnatupa wapi?"

Akanionyesha ndoo ya taka, palepale na nywele za wigi. Binti alinitazama, akachukua mkoba wake, tukatoka. Advansi yake haikurudi, na kwenye daladala alininunia mpaka tunashuka. Na anune tu.

Kwa nini nilikomalia friji na ndoo? Kwa sababu ya mji wa Albuquerque, New Mexico. Mwaka 2018 spa moja isiyo na leseni ilifungwa baada ya mteja kugundulika na VVU akiwa hana sababu nyingine iliyoeleweka. Alikuwa amefanyiwa ile huduma ya uso ya kutumia damu yako mwenyewe na visindano vidogo. Wakaguzi walikuta mirija ya damu isiyo na majina kwenye kaunta ya jikoni, mingine ndani ya friji pamoja na chakula, na mabomba ya sindano yaliyofunguliwa yamezagaa kwenye droo. Baadaye wateja wengine nao wakagundulika.

Na VVU sio mkali kuliko wote. Ukichomwa na sindano yenye damu ya mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama watu 3 kati ya 1,000. Homa ya ini aina ya B, kwa mtu asiye na chanjo, unaweza kufika 300 kati ya 1,000, na kirusi chake kinaishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Chanjo ipo. Ulizia hospitali.

Sindano zilizotengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki, zile za midomo na mashavu, zina hatari yake hata mikono ikiwa safi. Zikiingia kwenye mshipa wa damu, nyama inakosa damu na kuoza, na zikichomwa puani au katikati ya nyusi zinaweza kupofusha. Mchomaji anayejua kazi anakuwa na dawa ya kuziyeyusha, hayaluronidesi, palepale chumbani. Muulize anayo. Akikushangaa, umeshapata jibu.

Sasa makalio. Silikoni ya maji haiyeyushwi na dawa yoyote, na kuitoa yote ni karibu na haiwezekani. Inahama, inaleta uvimbe, ikiingia kwenye damu inaziba mishipa ya mapafu au ubongo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya wazi mwaka 2017. Hapa sina ushauri wa jinsi ya kuifanya kwa usalama. Haifanywi.

Kama bado unataka ya uso, nenda kwa daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na dawa iwe inayotambuliwa na TMDA, wale tuliowajua kama TFDA hadi 2019. Kichupa na bomba vifunguliwe mbele ya macho yako, usome jina, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Botox halisi huja kama unga mkavu na kuchanganywa na maji ya chumvi safi ya hospitali, ikatumika ndani ya saa 24, kwa hiyo ukikuta tayari ni maji, uliza yamechanganywa lini na nani. Anawe mikono, avae glavu mpya, asafishe ngozi. Na usiende wiki ya harusi, maana midomo huvimba na kuvilia damu.

Piga picha ya lebo kwa simu. Maumivu makali, ngozi kuwa nyeupe au yenye madoa ya zambarau, macho kuona ukungu, kope kulegea, shida ya kumeza au kupumua, kimbia hospitali saa hiyohiyo na umwonyeshe daktari ile picha. Na vinundu vinavyotokea wiki kadhaa baadaye, vikiuma au kutoa usaha, usivikande kwa maji ya moto wala kuvitumbua. Kuna vijidudu ndugu wa wale wa TB vinavyokaa kwenye maji ya bomba, vikiingia na sindano chafu vinatibiwa kwa dawa za miezi, sio za siku tano.