Kubadilisha rangi ya klavye nyumbani: anza na maji ya chumvi

Bandugu, wengi wetu tunaandika TFE na barua za kuomba kazi kwenye klavye za okazyo, zenye rangi imeshachoka. Rangi ile unaweza kuibadilisha nyumbani, kwenye mbabula ya makala. Lakini kama haujui plastiki yako ni ya aina gani, utaharibu chombo chenye kinakupa mkate.

Vibonyezo vya klavye hasa vinatengenezwa na plastiki mbili: ABS na PBT. ABS inaanza kulainika karibu na nyuzi 100, ni kusema maji ya moto sana yanaweza kuipinda. PBT inavumilia, juu inayeyuka tu kupita nyuzi 220. Tena PBT ni ndugu ya poliesta ya nguo. Siri yote iko pale: joto linalegeza plastiki, chembe za rangi zinaingia ndani, baridi inazifunga. Njo maana haichubuki sawa rangi ya kupaka juu. Ila lazima rangi ya poliesta. Ile ya pamba haitaingia.

Utatambua namna gani? Sisi wa agronomia tunachagua mbegu ya mpunga kwa maji ya chumvi: nyepesi inaelea, nzito inazama. Fanya vile vile. Koroga gramu 250 za chumvi ndani ya litre moja ya maji, tia kibonyezo, kigeuze hewa yote itoke. Kikielea ni ABS, acha. Kikizama, inaelekea ni PBT. Klavye nyingi za bei ya chini ni ABS. Na ile baa ndefu ya nafasi uipime peke yake, mara nyingine haiko plastiki moja na herufi.

Sasa kazi. Piga picha ya klavye ujue kurudisha kila kitu pahali pake. Chomoa vibonyezo tu. Klavye yenyewe isiguse maji. Vioshe na sabuni. Tumia sufuria ya zamani yenye haitapika tena bugali, vaa glavu, fanyia inje. Maji yawe ya moto bila kuchemka, nyuzi 80 mpaka 90. Tia rangi, koroga, anza na kibonyezo kimoja chenye hautumie sana. Kiangalie kila dakika tano. Ukipenda rangi, tia vingine, kisha suuza na ukaushe kabisa.

Kumbuka: rangi inaongeza giza tu. Nyeupe inaweza kuwa buluu, lakini nyeusi hairudi nyeupe. Na kama herufi ni nyeusi, usizidishe giza, hautazisoma tena. Vibonyezo vya laptop usiviguse, vishikizo vyake vinavunjika haraka.

Kuko wenye watataka kufanya hii ikuwe kakazi kadogo. Ni vizuri. Lakini mtu akikuletea klavye yake, pima na chumvi mbele yake, kabla ya kushika franga zake.