Istilahi za Kutuliza Kelele Garini: Kififishi, Kifyonzi na Kizuizi

Mwenye gari asafiriye kwenye njia ya changarawe wilayani Kilosa husikia kokoto zikigonga sakafu na mabati ya milango yakitetemeka. Akishafika Mikumi na kuingia katika barabara kuu iendayo Morogoro, ambayo hukatiza Hifadhi ya Taifa kwa takriban kilomita 50, vishindo hivyo hukoma. Badala yake huja mvumo wa matairi juu ya lami, na upepo madirishani. Masikio yake yanazitofautisha kelele hizi bila taabu. Lakini aingiapo dukani kutafuta dawa yake huwa na jina moja tu, "saundiprufu", na chini ya jina hilo huweza kuuziwa sponji, zulia, raba au utepe wa lami wa kuzibia paa. Akiona kelele haikupungua, hana hata neno la kudai haki yake, kwani jina alilolitumia halikuahidi kazi yoyote mahsusi.

Makala haya yanakusudia kuzitenga kazi hizo, kuzipa majina, kisha kuonyesha jinsi majina hayo yanavyomsaidia mnunuzi.

Kazi ya kwanza ni kufifisha mtetemo. Bati la mlango ni mfano wa ngozi ya ngoma: likitikiswa hutetemeka, na mtetemo huo ndio uzaao sauti. Dawa yake ni kitambaa kizito chenye kunata, kinachogandamizwa juu ya bati ili kiigeuze nguvu ya mtetemo kuwa joto dogo lisilohisika. Kilicho bora hutengenezwa kwa mpira wa butili uliofunikwa karatasi ya alumini. Hapana haja ya kulifunika bati lote. Aghalabu robo hadi nusu yake hutosha.

Kazi ya pili ni kufyonza sauti iliyokwisha kuingia hewani. Hufanywa na nyuzi zilizoshindiliwa, au sponji yenye vitundu vilivyoungana. Hewa ipitapo katika vitundu hivyo husuguana na kuta zake, na sauti hupungua nguvu. Hapa unene ni jambo kubwa. Sauti yenye mitetemo 1,000 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa takriban sentimita 34 hewani, hali ile yenye mitetemo 100 ina wimbi la mita 3.4. Kwa hiyo sponji ya sentimita moja huweza kupunguza sauti kali, lakini mvumo mzito wa matairi huipita kana kwamba haipo. Si lazima kifaa hiki kiwe cha kigeni kabisa: nyuzi za mkonge, zao lililolimwa sana Kimamba na mashamba mengine ya Kilosa, hufyonza sauti, na viwanda vya magari vya Ulaya vimezitumia katika bitana za milango.

Kazi ya tatu ni kuizuia sauti isipenye. Hii huhitaji kitu kizito kisichopitisha hewa, mathalani tandiko la plastiki nzito lenye uzito wa karibu kilo 5 kwa mita moja ya mraba. Kanuni yake ni kwamba uzito ukiongezwa maradufu, sauti ipenyayo hupungua kwa desibeli 5 hadi 6. Lakini tundu dogo lililoachwa wazi huweza kuiharibu kazi yote.

Sasa tuyatazame majina. Utaratibu wa kuunda istilahi hututaka tuanze na Kiswahili chenyewe kabla ya kukopa. Kutokana na kitenzi "ambisha" tumepata "kiambishi", na kutokana na "rejesha" tumepata "kirejeshi". Kwa njia hiyo hiyo "fifisha" hutupa "kififishi", na "fyonza" hutupa "kifyonzi". "Kizuizi" kimekwisha kuwapo katika lugha. Inatosha kusema "kizuizi cha sauti" ili kisichanganywe na kile cha barabarani.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tusitumie "kihami", neno lililokwisha kuzoeleka katika umeme na joto. Sababu ni kwamba kihami joto kizuri huweza kuwa kibaya kabisa kwa sauti: povu gumu jepesi huhifadhi ubaridi, lakini kwa wepesi wake halizuii kelele. "Kiua sauti" nacho hakifai, maana huahidi yasiyowezekana. Kati ya vifaa hivi vitatu hakuna kiuacho sauti. Kila kimoja huipunguza kwa njia yake.

Kwa istilahi hizi mnunuzi aweza kumwuliza muuzaji: je, hiki ni kififishi, kifyonzi au kizuizi? Kisha aweza kujipimia mwenyewe. Kifyonzi akipulize kwa kinywa. Pumzi isipopita, hicho si kifyonzi. Kizuizi akinyanyue, kikiwa chepesi, si kizuizi. Kififishi akibandike juu ya kipande cha bati, akigonge: mlio wa kengele ukigeuka kuwa mlio mfupi mzito, kinafanya kazi. Kisha akisimamishe kipande hicho juani mchana kutwa. Kikiteleza au kunuka lami, akirudishe, kwani bati la gari lililoegeshwa juani hupata joto kali mno, na utepe wa paa huweza kulainika na kuvuja ndani ya mlango.

Tahadhari mbili zimebaki. Sponji ifyonzayo sauti hufyonza na maji pia. Isiwekwe chini ya mlango, wala matundu ya kutolea maji yasizibwe, bati lisije likaliwa na kutu. Pili, kabla ya kununua chochote fundi akaze bolti zilizolegea na kutazama mipira ya milango, kwa kuwa kitu kinachogongana na kingine hakihitaji kififishi bali spana.

Kwa ajili hiyo, asafiriye zaidi kwenye changarawe na aanze na kififishi sakafuni na milangoni. Asafiriye zaidi kwenye lami atahitaji kuongeza kizuizi sakafuni, chenye kifyonzi kinene chini yake.

Mafundi wa Kilosa, Mikumi na kwingineko wanaombwa watueleze iwapo wanayo maneno yao wenyewe ya kazi hizi tatu. Yakiwapo, yastahili kufikiriwa kwanza kabla ya haya tuliyoyapendekeza.