Mtoto Anataka Kwenda Mlimani

Mtoto amefaulu Kidato cha Sita na nyumba nzima inafurahi. Siku ya pili anasema: “Baba, mimi nataka chuo cha Mlimani, Dar es Salaam. Huko kuna watu wengi, kuna michezo na mijadala.” Baba anakuna kichwa. Je, hiyo ni sababu ya kuchagua chuo?

Sababu hiyo si ya kuchekwa. Chuo hicho kilianza mwezi wa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Mwaka 1964 kilihamia mlimani. Leo ni kama mji: wanafunzi maelfu, mabweni, maktaba, viwanja, na Ukumbi wa Nkrumah, ule uliochorwa katika noti ya zamani ya shilingi 500. Miaka ya 1960 Yoweri Museveni wa Uganda alisoma hapo. Yeye na vijana wa nchi nyingine waliunda chama chao, wakajadili ukombozi wa Afrika. Hayo hayakuwamo katika mtihani, lakini yalimjenga.

Hata hivyo msisimko una hatari zake. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400, wakarudi makwao. Fikirini mzazi aliyeuza ng’ombe kwa ajili ya masomo yale!

Tena kuna hatari isiyo na kelele. Shuleni kijijini mwalimu anamjua kila mtoto, asipofika, anamwuliza. Katika darasa la watu mamia, nani atauliza? Kijana anaweza kupotea muhula mzima, na nyumbani msijue.

Basi, kwanza mwulize: “Unataka kusoma nini?” Mwenye kutaka kilimo atazame Sokoine, Morogoro, mwenye kutaka udaktari atazame Muhimbili. Masomo yatangulie, michezo ifuate.

Pili, mjaribuni nyumbani. Je, anaamka bila kuitwa? Mpeni fedha za matumizi ya mwezi: zinafika mwisho wa mwezi, au zinakwisha Jumamosi ya kwanza? Akishindwa, msimkatie tamaa. Mfundisheni sasa, kabla hajapanda basi.

Wazee walisema, penye miti hapana wajenzi. Mlimani miti ni mingi. Mpelekeni mtoto anayejua kujenga.