Salio Lipunguapo Bila Idhini

Majumbani mwetu hapa Mwanza wengi hununua salio kwanza ndipo wazungumze. Hatuletewi hati ya mwisho wa mwezi, basi kilichokatwa hakionekani upesi.

Jirani yangu, mama auzaye dagaa mwalo wa Kirumba, alinijia kwa huzuni. Kila atiapo shilingi 1,000, asubuhi hukuta zimepungua, naye hakupiga simu. Alimshuku mwanawe, hata fimbo alikwisha kuishika! Nikamwomba tusome kwanza jumbe zilizomo. Tukakuta vichekesho na habari za mpira, kila siku, na kila ujumbe una ada yake. Kijana alikiri kwamba siku moja alibonyeza palipoandikwa “Ndiyo”, akidhani ni bure.

Suratun-Nisaa, aya ya 29, yataka biashara iwe ya kuridhiana. Mtoto wa miaka tisa aliridhia nini, na mwenye salio hana habari?

Tuliandika tarehe, kiasi kilichokatwa na namba itumayo jumbe, tukaipigia kampuni ya simu tukitaka huduma ifungwe na fedha zirudi. Kampuni ikipuuza, malalamiko hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, nayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa papa hapa Mwanza. (Jumbe za matapeli ni jambo jingine, hizo hupelekwa namba 15040.)

Huduma ilifungwa siku ile ile. Fedha za nyuma bado twazidai.